Mkwe Kwenye Keria

Nilikwenda Dar es Salaam kununua pikapu, nikarudi na pikipiki ya magurudumu manne. Hadi leo wapo watu Songea wanaoamini niliuziwa kwa kudanganywa. Sikudanganywa. Niliikuta imeegeshwa mbele ya duka moja Kariakoo, nyekundu, mpya, kiti bado kina nailoni. Tairi zake zilikuwa nene, zenye kashata, yale meno ya mpira, kama za trekta, na ilikuwa na keria la chuma mbele na jingine nyuma. Nikamuuliza muuzaji inapita wapi. Akaniambia, "Mama, wewe uliza isipopita." Nikalipa siku ileile, pikapu nikaisahau.

Zilikuwa zama za ruksa. Nyuma kidogo tu, ukionekana na magunia ya mahindi barabarani ulikuwa na maswali ya kujibu. Sasa kila mwenye miguu alikuwa mfanyabiashara. Mimi nilinunua maharage, mahindi na ufuta vijijini. Kiangazi wenye malori hawakunipa nafasi hata ya kupumua, walifika kila kijiji kabla yangu. Masika walikaa mjini wakicheza bao, wakisubiri barabara zikauke. Nikajisemea kwamba masika ndiyo itakuwa zamu yangu. Nilichokosa ni chombo kisichoogopa tope.

Iliposhushwa kwenye lori pale stendi, watu walijaa kana kwamba kuna mkutano. Mmoja akasema ni trekta la watoto. Mwingine akataka kujua gari gani hili lisilo na mlango. Askari wa usalama barabarani aliizunguka mara kadhaa, akaniuliza kama nitavaa kofia ngumu au nitafunga mkanda. Nikamwambia anionyeshe mkanda ulipo, niufunge. Akacheka, akanipisha, nami nikaondoka nayo kwenda nyumbani Matogoro huku nikijifanya naijua.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliijaribu mara moja tu. Mafuta yake yanasukumwa kwa kidole gumba, taratibu, na yeye akasukuma kwa kidole na roho yote. Ikamtoa uani ikampeleka moja kwa moja kwenye migomba ya jirani. Alishuka, akapangusa suruali, akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba mashine hii ni ya mama. Sikumbishia.

Mimi mwenyewe ilinifundisha kwa mweleka. Nilikuwa napandisha kilima cha Matogoro na gunia la maharage keria la nyuma, nikavuta gia nzito, nikashangaa magurudumu ya mbele yananyanyuka kama mbuzi anayefuata majani juu ya mti. Nikaruka pembeni, yenyewe ikapinduka chali. Nililala kwenye nyasi nikatukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Tangu siku ile nilishika jambo moja ambalo sikulisahau tena: ukipanda mlima na mashine ile, uzito uwe mbele. Nyuma ukizidi, inakuangukia.

Masika ile ya kwanza nilifika mahali ambapo wakulima walikuwa hawajaona mnunuzi tangu mvua za kwanza. Nilivaa suruali ya jinzi ya mtumba, juu yake kitenge kwa ajili ya heshima, na viatu vya mpira vya kufika magotini. Nilipenda ngurumo yake chini yangu. Nilipenda kuwapita wenye malori wamekaa barazani na kuwapungia mkono. Sitasema uongo, nilijisikia.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuitazama. Huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa Mngoni wa zamani, na kwa Wangoni wa zamani mke wa mwana na baba mkwe hawazoeani. Nikimwona njiani nashuka pembeni, napiga magoti, namwamkia nikitazama chini. Simpi mkono. Sili mbele yake, sikai alipokaa, wala hatusemezani uso kwa uso. Maneno yake yananifikia kupitia kwa mume wangu au mama mkwe, na yangu yanarudi kwa njia hiyohiyo. Vijana wengi siku hizo walikuwa wameshaanza kulegeza, lakini yeye hakulegeza hata kidogo. Wala mimi sikumlazimisha. Mwanamke aliyelelewa na mama wa Kingoni anajua hayo kabla hajajua kusonga ugali.

Pakikosekana mtu wa katikati, alikuwa na njia yake. Aliongea na kitu. Siku ya kwanza aliponiona natoka na pikipiki, kwake kijijini, alimgeukia kuku aliyekuwa akidonoa pale uani, akamwuliza, "Wewe kuku, umewahi kuona mwanamke amekalia chuma miguu huku na huku?" Kuku hakujibu. Mimi nikaiambia sufuria niliyokuwa nimeifunga kwenye keria kwamba chuma hiki ndicho kilichonunua sukari ya chai ya asubuhi. Nikasikia akikohoa, na nadhani kikohozi kile kilikuwa kicheko.

Mwaka uliofuata, katikati ya masika, shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa anaweka nadhiri za daima kwa watawa wa Hanga. Mzee alikuwa amempinga kwa miaka. Watoto wa kiume aliobakiwa nao walikuwa wawili tu, mume wangu na huyu, na sasa mmoja anataka kuishi bila mke wala mtoto. Kisha siku moja akakubali, hatukujua kwa nini, na alipokubali alikubali kweli. Alijua kwamba siku ile wazazi humsindikiza mtoto wao hadi mbele ya altare na kumtoa. Ndugu wakamwambia mguu wake ukimsumbua, baba mdogo anaweza kusimama badala yake. Akakataa katakata. "Mwanangu simtoi kwa mkono wa mtu mwingine," akasema.

Mguu wake ulikuwa na kidonda ambacho kilimleta kwetu Matogoro, ili awe karibu na hospitali ya Peramiho. Mume wangu na mama mkwe walitangulia Hanga na lori la ndugu, na masufuria ya kupikia wageni. Mzee alibaki afungwe kidonda mara ya mwisho, kisha afuate kwa basi. Jirani yetu, mama mtu mzima, aliachiwa kazi ya kumpelekea chakula ili mila isivunjike. Mimi nilibaki kulinda nyumba na mzigo wa maharage. Pale kwenye lori, mume wangu akiwa na wasiwasi, nilimwambia mbele ya mama yake, "Nendeni. Baba atafika. Nimesema mimi."

Usiku wa kuamkia safari yake mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi jirani alirudi kutoka stendi na kitenge kimemganda mwilini, akasema hakuna basi linalokwenda upande ule. Daraja la magogo limechukuliwa na maji. Misa ilikuwa kesho yake.

Nilimsikia mzee chumbani akigonga fimbo sakafuni. Alitoka, akakaa kwenye kigoda chake barazani, akaitazama mvua. Hakusema na kuku wala na mlango. Nimewahi kumwona mtu huyu akimzika dada yake bila kutikisika, lakini asubuhi ile midomo yake ilikuwa inacheza. Nikajua kwamba kama hatafika, hatamlaumu mtu. Atakaa tu hivyo hivyo mpaka afe.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaivua pikipiki turubai lake. Nikaijaza mafuta, nikakagua plagi, nikafunga kidumu cha akiba. Kisha nikachukua godoro bovu la kitanda cha watoto, nikalikata, nikalishonea gunia, nikalifunga juu ya keria la nyuma kwa mipira ya tyubu. Nililifunga ili mtu akalie akitazama nyuma, mgongo wake ukiangalia mgongo wangu. Kiti chenyewe kilikuwa kirefu, cha kutosha watu wawili, lakini huko angelazimika kunishika kiuno. Keria la mbele nalo lingemweka uso kwa uso na mimi. Hapo nyuma tungekuwa kama watu wawili waliokutana kwa bahati mbaya kwenye benchi moja.

Kesho yake kulipopambazuka niliileta mbele ya baraza, nikaizima, nikapiga magoti kwa mbali. Nikaiambia, "Wewe mashine, mwambie Baba godoro liko tayari. Mwambie hatutatazamana."

Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu kwenye bati.

"Wewe mashine," akasema hatimaye, "mwambie mwenyewe wako mimi si gunia."

"Mashine, mwambie Baba magunia huwa nayafunga kamba. Yeye sitamfunga."

Akanyanyuka. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, shingoni kafunga kitambaa cheupe. Jirani alimshika mkono akapanda, akakaa, akaweka fimbo mapajani. Ndipo mimi nikapanda mbele, nikitazama mbele, nikapiga stata. Nadhani tulionekana vituko, maana jirani alijiziba mdomo kwa kanga.

Tulipita mji ukiwa bado unaamka. Wauza maandazi waliacha sufuria zao wakatutazama. Mzee aliwaamkia mmoja mmoja tukiwa tayari tumewapita, kwa sababu yeye ndiye aliyewaona baada yangu. Baada ya mji barabara ikawa uji. Malori mawili yalikuwa yamekwama mpaka kwenye ekseli, na madereva wake wamelala juu ya mizigo. Kashata zilimega tope na kulirusha kando, mashine inaserereka kidogo, inajirudi, inasonga. Nilikuwa nimekaza meno. Kila bonde nililovuka nililihesabia kwamba limeshindwa, na nikalisahau.

Njia nzima alikuwa akiongea na mashine. Aliiambia inatembea vizuri kuliko alivyodhani. Aliiambia shamba lile la mahindi kulia ni la mtu mvivu. Aliiuliza kama inajua kwamba kijana anayekwenda kuweka nadhiri leo alichelewa kutembea, hata mama yake akadhani ana ulemavu, kisha siku moja akainuka akatembea bila kutambaa. Mashine iliitikia kwa kunguruma, nami nikaitikia kimoyomoyo.

Tukafika mtoni. Kwa kweli ni kijito, kiangazi watoto wanakiruka. Siku ile kilikuwa kipana, chekundu, na magogo ya daraja hayakuonekana. Ng'ambo palikuwa na ukingo mkali wa udongo mfinyanzi, ndiyo njia pekee ya kutokea. Nilishuka nikapima maji kwa mti. Yalinifika juu ya goti, chini kuna changarawe. Nikarudi, nikaiambia mashine kwamba tunavuka, na anayeogopa aseme sasa. Nyuma yangu fimbo iligonga chuma mara moja, maana yake twende.

Maji hayakutusumbua sana. Yalitusukuma, nikayaelekea kidogo, tukavuka. Kilichotushinda ni ukingo. Niliingiza gia namba moja, nikapandisha, tukafika nusu, na nikaona magurudumu ya mbele yananyanyuka. Nilijua mara moja nimesahau nini. Uzito wote ulikuwa nyuma. Mzee alikuwa amening'inia juu ya maji, na kila nikisukuma mafuta mbele inazidi kuinuka. Nikibana breki tunateleza kurudi nyuma. Nikilala juu ya usukani kwa mwili wangu wote bado sitoshi. Kumshusha haiwezekani, ule mguu usingesimama kwenye mfinyanzi ule.

Nikapiga kelele. Sikuielekezea mashine.

"Baba! Geuka! Njoo kwenye kiti, nilalie mgongoni! Baba, sasa hivi!"

Katika miaka yote ya ndoa yangu, salamu ukiiondoa, sikuwahi kumtamkia neno moja kwa moja, na neno la kwanza lilikuwa amri. Nilisikia fimbo ikianguka majini. Nikasikia akiguna kwa maumivu, mguu mbovu ukipita juu ya keria. Kisha kifua chake kikaja mgongoni kwangu kwa kishindo, mikono yake miwili ikanikamata kiunoni, kidevu chake kikanigusa bega. Nilinusa tumbaku na dawa ya kidonda. Magurudumu ya mbele yakashuka yakauma udongo. "Lala!" nikasema, tukalala wote mbele kama mtu mmoja, nikasukuma mafuta mpaka mwisho. Ilikwangua, ikapiga chafya, ikapanda.

Juu nikazima. Tulikaa vilevile kwa muda, moyo wake nikiusikia ukinigonga mgongoni na wangu ukigonga mbele. Kisha akaachia mikono. Mimi nikashuka, nikaenda kusimama kando nikimpa mgongo, nikatazama mahindi ya watu. Niliogopa kwamba nimemfikisha kwa kumvunjia heshima yake, na kwamba akikaa mbele ya mwanawe atakuwa anafikiria hayo.

Alikohoa.

"Wewe mashine," akasema, "mdomo wako ufunge."

"Imefunga, Baba," nikasema, na safari hii niliyaelekezea mahindi.

Nilimkatia fimbo nyingine kichakani, nikaiegemeza kwenye gurudumu, nikaondoka ili aichukue mwenyewe. Akarudi kwenye keria, akageukia nyuma kama mwanzo. Tuliingia Hanga mgongo kwa mgongo, wekundu kwa tope kuanzia kichwani, kengele za misa zikilia. Mama mkwe alitukimbilia huku analia na kucheka. Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akatikisa kichwa tu. Ndugu mmoja akaleta beseni, wakamnawisha mzee uso na mikono, koti walishindwa.

Alimtoa mwanawe akiwa hivyo hivyo, na koti la tope. Nilisimama nyuma kabisa ya kanisa na viatu vyangu vya mpira. Nilimwona akitembea na fimbo mbichi ya kichakani, mama mkwe upande mmoja, kijana katikati. Walipofika mbele alimwekea kijana mkono kichwani, akauacha pale muda mrefu hadi mapadre wakatazamana. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nililia kama mtoto, wala sikuwa na leso.

Siku ya pili maji yalikuwa yameshuka. Lori la ndugu lingebaki mpaka daraja litengenezwe, lakini mzee alitakiwa kurudi kwa ajili ya kidonda. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua kwa upole kwamba safari hii mume wangu ndiye ampeleke. Jana ilikuwa dharura, wakasema, leo yupo mwanaume, na mke abaki na mama mkwe, arudi naye kwa lori. Mume wangu aliitazama mashine jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga pembe. Mimi nikampa funguo.

Mzee alikuwa amesimama karibu. Alinyoosha mkono, akazichukua zile funguo kutoka mkononi mwa mwanawe. Akaisogelea pikipiki, akaigonga kwa fimbo kwenye tangi.

"Wewe mashine," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "jana nilikufunga mdomo. Leo nimekufungua. Waambie nilivukaje."

Wazee wakaigeukia mashine. Mama mkwe akaacha kukunja kanga. Mzee akainama, akafungua mipira ya tyubu mmoja mmoja kwa vidole vyake vizito, akaling'oa godoro kwenye keria na kulitupa kwenye lori. Kisha akapanda kiti chenyewe, nyuma ya nafasi yangu, akatazama mbele. Akanigeukia mimi, siyo kuku, siyo mlango. Akanitazama machoni, akaninyooshea funguo.

"Mwanangu," akasema, "twende nyumbani."

Nilizipokea zile funguo kwa mikono miwili, nikapanda mbele yake. Nikasubiri mpaka nikaisikia mikono yake kiunoni, ndipo nikapiga stata.